Friza Lililopitishwa kwa Kauli Moja

Nilistaafu Ijumaa iliyopita, baada ya kipindi cha mwisho, nikiwa na miaka kumi na saba na suruali yenye kiraka. Nawaandikia nyie mnaorithi chama chetu cha akiba na mikopo cha shule, hasa nyie watano mlioingia kwenye bodi mkitabasamu. Tabasamu lile nalijua, hata mie nililivaaga. Vyeo sitavizungumza, maana nilianzia juu kabisa na sikwenda popote. Mshahara nao haupo, hii ni kazi ya kujitolea: ukiharibu unasemwa bure, ukifanya vizuri unasemwa bure vilevile. Nitawaambia yaliyonishtua. Mengine mpaka leo sijamaliza kushtuka.

La kwanza lilikuwa kuchaguliwa kwenyewe. Siku ya uchaguzi nilikuwa nafyeka nyasi nyuma ya vyoo, adhabu ya kuiga sauti ya mwalimu wa zamu mstarini. Mara namwona Elinami anakuja mbio. Elinami ni Mpare, tulikaa dawati moja tangu kidato cha kwanza, na tangu nimjue hajawahi kukimbia bila sababu.

"Hongera, mwenyekiti!"

"Mwenyekiti wa nini?"

"Wa chama cha akiba. Na mie katibu."

"Nani kanichagua? Mie sikuwepo!"

"Ndiyo maana. Waliokuwepo wote walikataa. Wewe peke yako ndiye hukukataa."

"Na wewe?"

"Nilikwenda kunywa maji. Narudi, nakuta wananipigia makofi."

Nikadhani ananitania. Kumbe wajumbe wengine wawili, Chande na Mbwana, nao walichaguliwa wakiwa wametoroka kwenda kuangalia mpira. Yaani watu walikaa darasani, wakaangalia huku na huku, wakakabidhi akiba yao kwa watoro wanne. Wa tano alikuwa Rehema. Yeye alikuwepo, ila alipoulizwa kama anakubali kuwa mtunza hazina alinyamaza, na kimya chake kikahesabiwa kuwa ndiyo. Bodi ikakamilika.

Rehema mshikeni vizuri, maana habari yote inamzunguka. Mmakonde, anakaa Kurasini, baba yake alikuwa kuli bandarini mpaka walipopunguzwa kazi. Mama yake anauza vitumbua kwenye njia ya malori, na kila Jumatatu Rehema alikuwa anakuja na kifurushi kimefungwa kwenye pindo la khanga, anaweka akiba ya ada ya mtihani wa kidato cha nne. Zamani ada hizi hazikuwepo, ndivyo wanavyosema wazee. Sie tumezikuta. Tangu tumjue, Rehema alikuwa anaongea kwa kichwa tu: kutikisa juu chini ni ndiyo. Kutikisa kushoto kulia hakuna aliyewahi kuona.

Mlezi wetu ni Mwalimu Kasanda, mnamfahamu. Anafundisha utunzaji wa vitabu vya hesabu, anavaa tai hata jua likiwa utosini, na wakati wa mapumziko anauza maandazi ofisini kama walimu wengine wote siku hizi. Ni Mnyamwezi wa Tabora. Chama alikianzisha yeye, kwa roho safi kabisa, na naomba mlielewe hilo mapema. Msisome hii habari mkitafuta mbaya wetu. Mtachoka.

Vitendea kazi nilivyovikuta ni hivi. Kasha la chuma lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa Rehema, mwingine kwa Elinami, ili mmoja akiugua wote tuumwe. Saa ya Elinami, iliyokuwa imesimama lakini tunaipenda. Benchi lililokuwa linabinuka mmoja wenu akisimama ghafla, kwa hiyo mkitaka kusimama mnakubaliana kwanza. Na chumba chenyewe, stoo ya vifaa vya michezo, penye jezi ambazo nadhani hazijafuliwa tangu shule ijengwe. Humo tulikuwa tunakutana kila Jumatano.

Vikao vyetu vya mwanzo vilikuwa vifupi mno. Mwalimu Kasanda anasema jambo, anauliza, "Au sio?" Tunajibu, "Ndiyo mwalimu." Elinami anaandika: limepitishwa kwa kauli moja. Halafu tunatoka, tunakwenda kwa Mama Zai muuza mihogo nje ya geti, na hapo ndipo ndimi zinapofunguka. Chande anasema lile jambo halina maana, Mbwana anasema alijua tangu mwanzo, Elinami anapiga hesabu kwa mate mezani kuonyesha lilivyo bovu. Mihogo ikiisha tunarudi nyumbani, na jambo bovu linaendelea kama lilivyopitishwa.

Nilidhani ni utoto wetu. Mwalimu Kasanda, kwa kutupenda, akatutafutia nafasi mie na Elinami tukajifunze kwa watu wazima, kwenye chama cha akiba cha wafanyakazi wa kiwanda kimoja huko Wazo. Tukapiga pasi. Tukaketi nyuma. Bodi ilikuwa ya wazee watupu wenye mafaili, na mwenyekiti wao alikuwa na kitambaa cha kujipangusia jasho, kikubwa kama taulo. Akasema jambo, akauliza, "Tuko pamoja?" Wakajibu, "Tuko pamoja!" Mikono juu yote. Mmoja alikuwa amesinzia na mkono bado ukapanda wenyewe.

Kikao kikaisha. Wazee wakatoka, wakakusanyika kwenye kahawa ng'ambo ya barabara, na nikawasikia kwa masikio yangu: "Lakini jamani, lile jambo la leo!" "Upuuzi mtupu." "Sasa mbona hukusema?" "Nimseme mzee wa watu, shemeji yangu yule?"

Nilipigwa na butwaa. Watu wazima! Wana ndevu, wana wake, wengine wana wajukuu, na wana Mama Zai wao!

Aliyenifundisha kazi siku ile alikuwa karani wao, Dada Scola, msichana wa kucha nyekundu aliyekuwa anatafuna bablishi huku anapiga taipu. Nikamwuliza, "Dada, huwa wanakubaliana hivi siku zote?"

"Siku zote, mdogo wangu."

"Si vizuri hivyo?"

Akaacha kutafuna. "Mie nikiona mikono yote iko juu, jioni naanza kuulizia kazi kwingine." Akairudisha taipu mwanzo wa mstari kwa kishindo. "Muulize yeyote hapa kwa nini ameinua. Atakwambia mwenzake ameinua."

Njia nzima kurudi Elinami aliniambia yule dada ana maringo. Mie nilikuwa bado nimeshtuka.

Haya, sasa friza. Muhula wa kwanza wa kidato cha nne, Jumatano moja, Mwalimu Kasanda aliingia stoo na uso unaong'aa. Kuna jamaa wa Keko anauza vitu vilivyotumika kutoka nje, ana friza kubwa la kulala, lile la mfuniko juu, zima kabisa. Chama kinunue, tutengeneze barafu za ukwaju na ubuyu, tuuze shule nzima na shule ya jirani. Siku hizi kila mtu ana mradi, sie tumelala. Jamaa atalipwa siku akileta mzigo, Jumatano ijayo.

"Itahitaji karibu akiba yote," alisema mwalimu, "ila itarudi haraka. Au sio, mwenyekiti?"

Nikamwangalia Elinami. Elinami akaniangalia. Chande na Mbwana wakaangaliana. Rehema alikuwa anaangalia kasha.

"Ndiyo mwalimu," nikasema mie, mwenyekiti wenu mstaafu.

Mikono juu. Yote mitano. Mwalimu akatushika mabega mmoja mmoja kwa furaha.

Kwa Mama Zai hakuna aliyekula. Mwisho Chande akasema, "Kwa kweli mie lile friza silitaki. Ila nimeona nyie mnalitaka."

"Nani kakwambia mie nalitaka?" akasema Mbwana.

"Si umeinua mkono!"

"Nimeinua kwa sababu Elinami kainua!"

"Mie nimeinua kwa sababu ya mwenyekiti," akasema Elinami. "Umeme wenyewe unakatika kila siku, barafu gani? Tutauza juisi ya moto. Shomari, wewe ulilitaka?"

"Mie?" nikasema. "Mie nilidhani mmeshapanga."

Tukamgeukia Rehema. Alikuwa ameshika kipande cha muhogo, hakuli. Akasema, na ndiyo mara ya kwanza nasikia sauti yake ikifika mwisho wa sentensi, "Ada yangu ya mtihani imo humo. Majina yanapelekwa mwisho wa muhula."

Jamani. Watu watano wenye akili, au tuseme watatu na Chande na Mbwana, tumepitisha kwa kauli moja kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu anakitaka! Nilihisi kichwa kinapata ubaridi bila friza. Mama Zai mwenyewe aliacha kugeuza mihogo akatuangalia. "Nyie watoto," akasema, "mna wazimu?"

"Twende tukamwambie mwalimu," nikasema.

"Twende," wakasema wote. Hakuna aliyenyanyuka.

Si kwamba Mwalimu Kasanda anatisha. Hatishi, na hapo ndipo pagumu. Mtu mzima, unamwamkia shikamoo asubuhi, kakupigia chaki mpaka mapafu yamejaa vumbi, kafurahi kiasi kile, halafu umwambie wazo lako bovu? Kwa mdomo upi? Elinami alisema yeye angeandika barua. Tukamwuliza nani ataisaini. Akasema mwenyekiti. Nikasema katibu. Barua ikafia hapo.

Siku tatu nikawa silali vizuri, na mie huwa nalala hata darasani. Nyumbani tulikuwa na hitma ya babu yangu, na baba, akiwa anapanga viti, akakumbushia mazishi yenyewe. Nikaona kila kitu upya. Sie Wazaramo, watani wetu ni Wanyamwezi. Siku anazikwa babu, huko Mbagala, mtoto mdogo mie, niliona mama mmoja mnene wa Kinyamwezi, jirani yetu, anaruka ndani ya kaburi na kujilaza chali. "Huyu Mzaramo hazikwi!" alipiga kelele. "Alikula kuku wangu! Nilipeni!" Nilidhani watu watampiga. Baba yangu, machozi yanamtoka, akaanza kucheka, akatoa hela, mama akatoka na kujikung'uta udongo. Hakuna aliyekasirika. Ukikasirikia mtani wewe ndiye huna adabu.

Mtani anaweza kusimamisha mazishi. Na Mwalimu Kasanda ni Mnyamwezi wa Tabora.

Sikumwambia mtu. Si kwa ushujaa. Nilijua nikisema tutapitisha kwa kauli moja.

Jumatano ikafika. Friza likaingia getini juu ya mkokoteni, jeupe, refu, limefunikwa shuka ili lisiingie vumbi, na watu wanne wanalishika pembeni lisianguke. Naapa, wanafunzi wa kidato cha kwanza walivua kofia. Mwalimu Kasanda anatembea mbele na tai yake. Wakaliweka chini mlangoni mwa stoo, jamaa wa Keko akafunua shuka, akainua mfuniko na kuuegemeza ukutani ili tuone lilivyo safi.

Nikaruka ndani.

Nikajilaza chali na sare yangu, mikono kifuani. Nilikuwa natetemeka, na friza halikuwa hata limechomekwa.

"Shomari!" Sauti ya mwalimu ilipanda hadi paa la bati. "Toka humo!"

"Sitoki!" nikasema, macho nimefumba. "Mzigo huu hauingii! Mie Mzaramo, mwenye mji, nimekataa!"

Nilisikia Elinami akinong'ona, "Huyu amekwisha." Nikajua nikiacha sasa nafukuzwa shule kama mwanafunzi. Lazima niendelee kama mtani.

"Nyie Wanyamwezi kazi yenu kubeba!" nikapiga kelele. "Babu zako wamebeba pembe kutoka Tabora mpaka baharini kwa miguu! Wewe friza la hapo Keko linakushinda kurudisha?"

Aliyecheka kwanza alikuwa jamaa wa Keko. Alicheka mpaka akashika mkokoteni. "Mwalimu," akasema, "umepatikana. Huyu mtani wako huyu. Mlipe tu atoke."

Nikafumbua jicho moja. Mwalimu Kasanda alikuwa amesimama juu yangu, uso haujaamua. Halafu kona ya mdomo ikacheza.

"Mzaramo mvivu wewe," akasema polepole. "Umetafuta pa kulala mpaka umepata. Unataka nini?"

Hapo ndipo niliposhtuka kuliko siku zote za kazi yangu. Aliuliza. Mwaka mzima tumekaa naye stooni hajawahi kutuuliza tunataka nini, na sie hatujawahi kumwambia.

"Nataka bodi ipige kura upya," nikasema. "Na wewe mlezi ukasimame kwenye bomba la maji."

Akaniangalia. Akaangalia wenzangu, wote wamejipanga kama wafiwa. Akageuka, akaenda zake kwenye bomba, na tai yake.

Elinami akafungua daftari. "Friza," akasema. "Nani hataki?"

Mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa Rehema. Niliuona kutoka ndani, juu ya ukingo, vidole vitano vimenyooka. "Sitaki," akasema, "kwa sababu ya ada. Na si yangu tu, kidato cha nne wengi wameweka humo." Akapigwa na aibu, lakini mkono hakuushusha. Chande akasema hataki kwa sababu ya umeme. Mbwana akasema hataki kwa sababu zake mwenyewe, na safari hii alikuwa nazo. Mie nikainua mguu, mikono ilikuwa imekufa ganzi.

"Wanne," akasema Elinami. Akajikuna. "Mie nataka."

"Nini?"

"Nimelitazama vizuri. Ni zuri. Tukinunua mwakani, ada zikishalipwa, na tukapata mahali pasipokatika umeme, mie naona lina faida. Siwezi kusema sitaki wakati nataka."

Tulitaka kumpiga. Halafu tukagundua tunachokiona, kitu ambacho chama chetu hakijawahi kukiona: mtu anayepinga wenzake uso kwa uso, na benchi halijabinuka. Akaandika mwenyewe: wanne hawataki, mmoja anataka, friza lirudi. Mkilifungua lile daftari la kumbukumbu mtaona wino umesambaa hapo. Ni jasho lake.

Mwalimu aliposomewa aliitikia kwa kichwa tu. Halafu, mie nimeshatoka na friza limepandishwa tena, akavua tai, akaitia mfukoni, akashika mkokoteni upande mmoja. "Twende," akamwambia jamaa wa Keko. "Sie kazi yetu kubeba." Akausukuma mpaka nje ya geti.

Kesho yake nilimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba. Akasema, "Jana ulikuwa mtani. Leo wewe ni mwanafunzi uliyelala juu ya mali ya mtu na sare ya shule. Chukua fyekeo." Nikafyeka nyuma ya vyoo wiki nzima, nyasi zilezile zilizonipa uenyekiti. Haki yangu.

Ila tangu hapo kazi ilibadilika, na haya ndiyo ninayowaachia. Kila hoja ikiingia stooni tunaipa mtani. Mtani wa hoja ni mmoja wetu, tunapokezana, na kazi yake ni kulala kaburini: kutafuta kila ubaya wa lile jambo na kuusema, hata kama yeye mwenyewe analipenda. Akikosa la kusema, jambo linasubiri Jumatano nyingine. Mkubwa hakasiriki, kwa kuwa hajapingwa na fulani. Kapingwa na mtani. Mwenyekiti anasema mwisho. Mlezi anauliza, halafu anakwenda bombani. Na mihogo ya Mama Zai sasa inaletwa ndani kabla ya kura, maana tuligundua mdomo wenye muhogo ni mkweli zaidi. Vikao vimekuwa virefu na vina kelele. Watu wakipita nje wanadhani tunapigana. Wakati mwingine ndiyo.

Nilimtumia Dada Scola salamu kupitia kwa mtu wa Tegeta, nikamweleza habari ya mtani. Akajibu kwamba wazee wake hawawezi kulala kwenye friza, viuno vinawasumbua, lakini ameanza kuwapelekea kahawa ndani ya kikao badala ya kuwaacha wavuke barabara. Na kwamba tangu aanze hajaulizia tena kazi kwingine.

Ijumaa tuliwakabidhi nyie funguo. Nilitoa hotuba, mkapiga makofi, mkatabasamu lile tabasamu. Mwalimu Kasanda akawauliza, "Mwenyekiti mstaafu anaweza kwenda sasa, au sio?" Nanyi mkaitikia wote watano, "Ndiyo mwalimu!" Niliona mgongo wake unavyolegea.

Mnakumbuka alichofanya, mlikuwepo, ila mlishtuka mno hamkuona vizuri. Mtu mzima yule, na tai, na chaki kwenye suruali, akajilaza chini kizingitini, kuziba mlango wote. "Mzaramo hatoki," akasema akiangalia dari. "Wala mwenzake yeyote hatoki. Mpaka mtu humu ndani anikatalie."

Nyie mkaganda. Mwenyekiti wenu mpya akaangalia viatu. Mie nikafungua mdomo, akaninyooshea kidole: wewe umeshastaafu. Kumruka hakuna anayeweza, nani amruke mtu mzima? Tukakaa. Jezi zikanuka. Niliona tutalala humo, bodi mbili na mwalimu.

Aliyenyanyuka ni Rehema. Yule wa kutikisa kichwa juu chini. Alikuwa na kadi yake ya namba ya mtihani mkononi, ameifunga kwenye nailoni isilowe. Akasogea mpaka kichwani kwa mwalimu, akainama kidogo kwa adabu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

"Mie sikubali. Nina mtihani Jumatatu, na nyumbani ni mbali. Naomba usogee."

Mwalimu Kasanda akasogea.